Vishungi 56

Jumamosi iliyopita, hata sakafu sijamaliza kuifagia, aliingia mama mmoja na binti yake wa miaka sita. Begani alikuwa na gauni jeupe limefunikwa nailoni, na kabla hajaketi akaninyooshea simu. "Dada, nataka awe hivi." Kwenye simu kulikuwa na picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya mtoto wa Kizungu mwenye vishimo mashavuni na nywele zilizojiviringa kichwa kizima. Nikamjua palepale. Shirley Temple, yule mtoto nyota wa filamu za Marekani wa miaka ya thelathini.

Mtoto alikuwa anakwenda kuigiza kwenye video ya wimbo, gari lingekuja kumchukua saa nane mchana. Nikamkalisha kwenye kiti, nikamwekea mto chini ili kichwa kinifikie, tukaanza.

Nasuka Ngamiani, hapa Tanga, Barabara ya 12, mwaka wa 19 sasa. Shirley nimemjua kabla ya kushika chanuo. Mjomba wangu alirudi kutoka Muscat na sanduku la kanda za video, mojawapo ilikuwa *Heidi* ya mwaka 1937, nasi watoto tuliitazama mpaka picha ikaanza kukatikakatika. Wakati huo nilimpenda kama watoto wote walivyompenda. Nilipokuwa msusi nikaanza kumtazama upya, na tangu hapo kila ninachokipata kumhusu nasoma. Leo nataka kuandika yote, maana Jumamosi nilisimama nyuma ya kiti kile saa nne nzima nikimfikiria.

Nianze na nywele. Zilikuwa vishungi 56, havizidi havipungui. Kila usiku mama yake, Gertrude, alikuwa akichukua nywele kidogo kidogo, anazizungusha, anabana kwa pini, anakwenda ya pili, mpaka zifike 56. Mara moja kwa wiki nywele zilisuuzwa kwa siki, na siki ilimwingia mtoto machoni ikamchoma. Asubuhi pini zinatolewa, mtoto anakwenda kazini.

Kwa nini zihesabiwe? Asiyejua kazi ya filamu anaweza kudhani ni madaha ya mama. Filamu haipigwi kwa mfululizo kama tunavyoitazama. Mtoto anafungua mlango Jumatatu, anaingia chumbani Ijumaa, kisha vipande viwili vinaunganishwa. Kishungi kikipungua juu ya sikio, watazamaji wanaona. Kwa hiyo kichwa cha Jumatatu lazima kifanane na cha Ijumaa. Mimi nikimsuka bibi harusi, nywele zikae siku moja tu, mikono inauma. Gertrude alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na chini ya mikono yake alikuwapo mtoto aliyetakiwa kutulia.

Watu hawakuamini kama nywele ni zake. Walidhani ni wigi, na wapo waliozivuta kichwani kwake ili wahakikishe. Shirley mwenyewe alikuja kusema ukubwani kwamba alitamani kazi yake ingekuwa kuvaa wigi tu.

Sasa jambo lililonifanya nimwandikie. Desemba 1933 kampuni ya Fox ilimwandikia mkataba wa dola 150 kwa wiki. Mtoto ana miaka mitano. Na mama yake akaandikiwa dola 25 kwa wiki, kama msusi na mwalimu wake binafsi. Nilipousoma mstari huo niliurudia mara tatu. Msusi! Mama aliyekuwa akimbana mwanawe nywele usiku nyumbani alikuwa mwajiriwa wa studio. Julai 1934, baada ya filamu za mwanzo kupendwa, mshahara wa mtoto ukapandishwa hadi dola 1,000 kwa wiki, wa mama ukawa 250, na juu yake dola 15,000 kwa kila filamu itakayokamilika. Basi yule mtoto aliyeketi usiku anabanwa pini alikuwa kazini. Na mama yake alikuwa kazini. Kulala kwenyewe kulikuwa ni kuandaa zana ya kazi ya kesho.

Naomba mnielewe, simlaumu Gertrude kwa kumsuka mwanawe. Sote tumekaa kati ya magoti ya mama zetu tukilia, twende kilioni imetukaza mpaka nyusi zimepanda. Ninachosema ni kwamba kazi iitwe kazi. Watu waliokuwa wakimtazama walitaka kuamini kwamba mtoto yule anacheza tu, ana furaha zake, kamera ikapita ikamkuta.

Alizaliwa Santa Monica, California, tarehe 23 Aprili 1928. Baba yake alifanya kazi benki. Mwaka 1931, akiwa na miaka mitatu, mama akampeleka shule ya dansi ya Meglin huko Los Angeles, na hapo ndipo watu wa kampuni ndogo iliyoitwa Educational Pictures walipomwona. Wakamtia kwenye filamu fupi fupi zilizoitwa *Baby Burlesks*. Watoto wa miaka mitatu, minne, wamevalishwa nepi zenye pini kubwa mbele, juu wamevaa nguo za watu wazima, wanaigiza filamu za watu wazima za wakati ule: askari, wacheza dansi wa vilabuni, wapenzi. Nimetazama mbili nikashindwa ya tatu. Mimi ni mama. Sikuona cha kuchekesha.

Humo ndimo lilimokuwa sanduku la adhabu. Shirley aliyaandika haya kwenye kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1988. Kulikuwa na kisanduku cheusi cha fundi sauti, na ndani yake wakaweka bonge la barafu. Mtoto asiyetii anaingizwa humo, mlango unafungwa, gizani. Kama anataka kukaa, akae juu ya barafu. Alipomweleza mama yake, mama alidhani mtoto anatunga. Na mtoto akajifunza kwa njia hiyo kwamba muda wa studio ni fedha ya watu, ukiupoteza unaumia. Anasimulia pia kwamba aliwahi kurudishwa kazini siku moja tu baada ya kutobolewa ngoma ya sikio kwa sababu ya ugonjwa. Nikisoma sifa kwamba Shirley hakukosea, kwamba alichukua picha mara moja ikatosha, mimi nakumbuka lile bonge la barafu.

Mojawapo ya filamu hizo, ya 1933, iliitwa *Kid in Africa*. Shirley ni mmisionari mdogo, amekuja kuwastaarabisha wala watu, na wala watu wenyewe ni watoto weusi wa Marekani waliovalishwa majani. Wanamtia chunguni. Kumbukeni filamu hii, nitairudia.

Mwaka 1934 ndio uliomfungulia. Wimbo mmoja na dansi moja kwenye *Stand Up and Cheer!* vilitosha watu kuuliza ni nani yule. Fox wakamwazimisha kwa studio nyingine, Paramount, akacheza *Little Miss Marker*, na Desemba ikatoka *Bright Eyes*, ile anayoimba ndani ya ndege wimbo wa meli ya peremende. Februari 1935 akapewa sanamu ya Oscar, ndogo, ya kimo cha mtoto, ya kwanza ya aina hiyo. Mwaka huohuo Fox, ambayo hali yake ya fedha ilikuwa mbaya, iliungana na Twentieth Century, na bosi mpya Darryl Zanuck akaweka waandishi 19 kazi yao ikiwa kumtungia Shirley hadithi. Watu wazima 19! Hadithi zenyewe zilifanana kama mayai: mtoto yatima au nusu yatima, mzee mwenye moyo mgumu, mtoto anamlainisha, wanaimba. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Wamarekani hawana kazi, na mtoto anayeamini kwamba kesho itakuwa njema alikuwa faraja kwao. Kuanzia 1935 hadi 1938, miaka minne mfululizo, alikuwa namba moja kati ya nyota wote waliojaza kumbi za sinema Marekani, mbele ya Clark Gable, mbele ya kila mtu. Midoli yake ya kampuni ya Ideal ikauzwa kila mahali, nayo ina vishungi.

Mtoto hukua, lakini, na studio haikutaka akue. Meno ya utoto yalipoanza kung'oka, mapengo yakafichwa kwa meno ya bandia, ili kwenye filamu asionekane anabadilika. Matokeo yake, huko Ulaya ukazuka uvumi kwamba Shirley si mtoto, ni mtu mzima mwenye kimo kifupi, maana mtoto gani asiyeng'oka meno? Studio ilipunguza pia umri wake kwa mwaka mmoja. Yeye mwenyewe hakujua. Aliambiwa kwenye sherehe ya kuzaliwa, aliyodhani ni ya miaka 12, kwamba ametimiza 13.

Uongo huo wa mwaka mmoja nusura umuue. Anasimulia kwamba siku za Krismasi 1939 alikuwa akiimba kwenye redio, na kati ya watazamaji mwanamke mmoja akasimama akamwelekezea bastola. Mwanamke huyo alifiwa na mtoto siku aliyoamini ndiyo Shirley aliyozaliwa, akashika kwamba roho ya mwanawe imeibwa ikaingia kwa Shirley. Akazuiwa. Tarehe aliyoifuata ilikuwa ile ya kutungwa. Mtoto alikuwa na mwaka mzima duniani kabla ya hapo.

Niende kwenye ngazi, ndipo ninapopapenda.

*The Little Colonel*, 1935. Mtoto ameambiwa akalale, hataki kupanda juu. Mtumishi wa nyumba, Bill Robinson, mwanadansi mweusi aliyekuwa na jina kubwa kwenye majukwaa ya Marekani tangu Shirley hajazaliwa, anamwambia atamwonyesha namna mpya ya kupanda. Anaanza kugonga viatu. Kidato cha kwanza, cha pili, anarudi cha kwanza, kama ngazi ni ngoma na miguu ni vijiti. Mwili wa juu umetulia kabisa. Mtoto anamtazama mdomo wazi, kisha anampa mkono, wanapanda pamoja.

Robinson alikuwa na miaka 56. Mtoto wa vishungi 56 na mzee wa miaka 56; naambiwa niache kuhesabu lakini siwezi. Dansi yake ya ngazi ilikuwa na hatua za kumchukua mtu miaka, na mtoto alikuwa na siku chache tu za kujifunza. Basi akampunguzia: badala ya hatua zote, akamfundisha kupiga kwa ncha ya kiatu upande wa mbele wa kila kidato, ili mlio uje. Ukitazama kwa makini utaona. Yeye anafanya mengi, mtoto anafanya machache, na sauti inayotoka ni moja. Huyo ndiye mwalimu. Hakumtisha, hakumfungia sandukuni. Alitafuta kilicho ndani ya uwezo wa mtoto wa miaka sita akakijenga hapo. Shirley alimwita Uncle Billy mpaka uzeeni, na alisema waziwazi kwamba ndiye aliyependa kucheza naye kuliko wote.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza filamu ya Hollywood kuonyesha mweusi na mweupe wakicheza dansi wameshikana mikono. Kwenye majimbo ya kusini kipande hicho kilikatwa. Mkono wa mtoto ndani ya mkono wa mzee uliwashinda kuutazama. Na Robinson, pamoja na ustadi wote huo, aliigiza mtumishi hapo na akawa mtumwa kwenye *The Littlest Rebel* mwaka uleule. Linaniuma hilo kila ninapoirudia, na bado nairudia, kwa ajili ya miguu ile.

Jumamosi nilimwekea mteja wangu mdogo kipande hicho kwenye simu, nimeiegemeza kwenye kopo la mafuta, ili asisinzie. Nilikuwa nimefika kishungi cha 20. Nywele zake ni za kwetu, kwa hiyo nilizinyoosha kwanza kwa draya, nikazipaka mafuta, nikaziviringa kwenye rola nyembamba. Akawa anagonga miguu kwenye chuma cha kiti. Mama yake akamwambia atulie. Nikasema mwache tu, dada, anajifunza.

Nikamuuliza mama yake kazi itachukua saa ngapi. Hajui. Nikamuuliza malipo ni ya mtoto au ni ya nani. Akanitazama. Pengine nilivuka mpaka, lakini nilikuwa na sababu. Nilipokuwa darasa la tatu nilikuwa kwenye kikundi cha ngoma cha watoto. Siku moja tuliwachezea wageni wakubwa juani, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na nikaona kwa macho yangu bahasha ikipewa mkubwa wa kikundi. Sisi tukapewa soda, chupa moja watoto wawili. Niliyegawana naye alikunywa zaidi ya nusu. Ladha ya soda ile sijaisahau, na bahasha pia sijaisahau.

Shirley aliondoka Fox mwaka 1940, baada ya *The Blue Bird* kuanguka vibaya. Alikuwa na miaka 12. Akaenda shule ya wasichana, mara ya kwanza kusoma darasani na wenzake, maana mpaka hapo alikuwa na mwalimu wake studioni. Studio ya MGM ikamchukua ikampa filamu moja tu. Akacheza nyingine za usichana, ikiwemo *Since You Went Away* ya 1944 na *Fort Apache* ya 1948 pamoja na mume wake wa kwanza, John Agar. Ndoa ikavunjika. Filamu ya mwisho ilikuwa ya 1949. Haya nayapita haraka kwa sababu watu nao waliyapita haraka. Walimtaka wa miaka sita.

Kisha akauliza fedha ziko wapi. Alikuwa na miaka 22, ameolewa tena na Charles Black, na wakakaa kupiga hesabu. Kwa kazi yake yote tangu utotoni alikuwa ameingiza zaidi ya dola milioni 3.2. Kwenye amana yake zilikuwepo dola 44,000 hivi. Zilizobaki zilikuwa zimekwenda kwenye matumizi ya nyumba kubwa, wafanyakazi, ndugu, na mipango ya baba yake iliyofeli.

Na hakuwa wa kwanza. Jackie Coogan, yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin kwenye *The Kid* mwaka 1921, alipokuwa mtu mzima alimshtaki mama yake na baba wa kambo mwaka 1938, maana mamilioni yake yalikuwa yamekwisha. Akaambulia karibu dola 126,000. Kwa ajili yake California ikatunga sheria mwaka 1939, kwamba sehemu ya mapato ya mtoto mwigizaji iwekwe pembeni kwa jina lake. Sheria hiyo inaitwa kwa jina la Coogan mpaka leo. Shirley anasema hakumchukia baba yake. Mimi namwamini, lakini nimeshindwa kufika alipofika yeye.

Nilisema nitairudia ile filamu ya 1933. Mtoto aliyetiwa chunguni na Waafrika wa kubuniwa alikua, akaingia kwenye siasa, mwaka 1969 akawa kwenye ujumbe wa Marekani Umoja wa Mataifa, na mwaka 1974 akatumwa Accra kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana. Alikaa mpaka 1976. Baadaye, mwaka 1989, akapelekwa Prague, akaushuhudia utawala wa kikomunisti ukianguka. Kati ya hapo, 1972, alikatwa titi kwa saratani, akajitokeza hadharani kulisema wakati ambapo wanawake walikuwa wanalificha. Mama yangu mdogo alilificha lake, kwetu hapa, miaka mingi baadaye, mpaka likamshinda. Kwa hilo peke yake Shirley ana heshima yangu, hata asingeimba wimbo mmoja.

Saa nane kasoro gari likapiga honi nje. Nilikuwa nimefikisha vishungi 38, kichwa chake ni kidogo, vingine visingekaa. Mtoto akajitazama kwenye kioo, akatikisa kichwa ili vicheze.

"Anti, yule mtoto wa ngazi yuko wapi?"

Nikamwambia alikuwa bibi, akafariki mwaka 2014 akiwa na miaka 85.

"Na nywele zake?"

Nikamtafutia picha ya miaka ya sabini, mama mtu mzima mwenye nywele fupi zilizoinuliwa juu. Akaishika simu kwa mikono miwili akaitazama kwa muda. Kisha akanirudishia, akamuuliza mama yake kama wakitoka huko watapitia kwenye chipsi.